Venance Alisimama Mchangani

Asubuhi ile tulikuwa tunachimba gari, na nilikuwa nimenuna. Landkruza ilikuwa imezama mpaka kwenye ekseli, jua la Darfur halina adabu hata asubuhi, na aliyetuzamisha, Venance, alikuwa amelala kifudifudi akitoa mchanga chini ya bodi kwa sufuria ya chai huku akiimba wimbo wa kwaya. Pembeni, kwenye kivuli chembamba cha mgunga, bibi mmoja wa Kisudani alikuwa ameketi juu ya mzigo wake wa kuni akituangalia kwa huruma. Kwa ajili yake ndiyo tulikuwa pale.

Mimi ni fundi magari, mtoto wa Rau hapa Moshi. Baba yangu alikuwa Mpare, mama yangu ana damu ya Kimanyema na ya Kichaga, na mtaani kwetu hakuna aliyeona hilo kuwa jambo la kuulizia. Venance alikuwa dereva, mtu wa Masama, aliyekulia kwenye kihamba cha baba yake katikati ya migomba na kahawa. Tulijuana gereji. Kwa miaka mingi nilimtengenezea gari la watalii alilokuwa akiendesha, na kwa miaka mingi alinisumbua kwamba breki nilizomfungia zinalia. Shirika moja la misaada lilipotafuta dereva na fundi wa kwenda Sudan, tuliomba pamoja tukapata pamoja. Kituo chetu kilikuwa katika mji mdogo wa Darfur, usio mbali sana na mpaka wa Chad. Kazi ilikuwa kufikisha dawa na wauguzi kwenye vijiji ambavyo barabara zake ni mchanga mtupu.

Mchanga ulitutoa ushamba. Tulikwenda kule tukijiona mabingwa, maana mtu aliyepandisha gari Masama wakati wa masika, utelezi chini na korongo pembeni, utamwambia nini kuhusu njia mbaya? Kumbe tope na mchanga ni ndugu wasiosalimiana. Kwenye tope la mlimani unakanyaga mafuta mpaka tairi ling'ate udongo mgumu ulio chini. Mchanga hauna kigumu chini. Ukikanyaga, tairi linachimba, na likichimba unazama, na ukizidi kukasirika unazidi kuzama.

Aliyetufundisha upya alikuwa Adam, dereva mwenyeji, mtu mzima mrefu mwenye ndevu za mvi na mikono mizito. Alianza na matairi. Ukifika kwenye mchanga laini, punguza upepo karibu nusu, tairi lilale na kutanuka kama unyayo wa ngamia. Funga habu za mbele, ili matairi yote manne yavute, kabla hujaingia, si baada ya kunasa. Usikate kona kwa ghafla. Usishike breki, ondoa mguu tu, gari lisimame lenyewe, na lisimame likitazama mteremko. Ukitoka mchangani ukakuta changarawe, jaza upepo tena, la sivyo mawe yatakula mbavu za tairi. Jioni, hata kama umechoka vipi, kung'uta chujio la hewa, maana vumbi la kule ni laini kama unga wa sembe na linaua injini polepole. Hilo la chujio lilikuwa langu, na sikuwahi kulala bila kulifanya.

Na kubwa kuliko yote, alisema Adam, usisimame ndani ya wadi. Wadi ni mto mkavu. Hakuna mchanga laini kuliko wake. Ingia na mwendo wako, toka na mwendo wako.

Venance aliyashika yote isipokuwa hilo la kusimama. Alikuwa hawezi kumpita mtu. Kwao mlimani, dereva akimkuta mama anapandisha na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anasimama. Hata gari likiwa limejaa anasimama, wanasalimiana, na mzigo unapanda hata kama mwenyewe atakwenda kwa miguu. Ukimpita, habari itafika nyumbani kabla yako, kwamba mtoto wa fulani siku hizi ana maringo. Kule gari linasimama popote. Unavuta breki ya mkono, unatia jiwe nyuma ya tairi, kisha unaondoka kwa gia ya kwanza. Mguu wake ulikuwa umelelewa hivyo, na Darfur ilikuwa imejaa akina mama wenye mizigo vichwani.

"Bibi angengoja kidogo," nilimwambia asubuhi ile, jasho likinichoma macho.

"Angengoja nini, fundi? Basi la jioni?"

"Ungekwenda mpaka pale pagumu ndiyo usimame, umwite."

"Nimwite mtu mzima kama mbuzi? Mimi nimelelewa na nani?"

Adam aliegemea koleo akauliza kwa Kiarabu tunabishana nini. Kiarabu changu ni cha madrasa. Kila nilipofungua mdomo nilionekana kama mtu anayehutubia waumini, na Adam alikuwa hachoki kunicheka. Nikamweleza. Siku hiyo hakucheka. Alimshika Venance begani, akamwambia kwa Kiingereza chake kidogo kwamba moyo wake ni mzuri lakini mguu wake utamletea balaa.

"Sawa, mzee wangu," Venance akajibu kwa Kiswahili, kisha akaenda kumpandisha bibi na kuni zake.

Siku hiyo naikumbuka kuliko nyingine zote za kule, labda kwa sababu ndiyo ya mwisho ambayo nilikasirika kwa sababu ndogo.

Vita tulikuwa tukivisikia kwa mbali. Jeshi na wanamgambo walikuwa wakigombea miji mikubwa, na kwetu ilikuwa ni habari ya redio. Halafu wakimbizi wakaanza kupita, kwanza wenye punda, baadaye wasio na chochote. Halafu asubuhi moja soko halikufunguliwa, na vijana waliokuwa wakituuzia maandazi hawakuonekana.

Nilikuwa chini ya gari nikibadilisha springi. Niliposikia mlio wa kwanza nilidhani ni tairi la jirani.

Wa pili sikuudhani tairi.

Amri ilikuja kwa redio ya mawasiliano: tokeni, elekeeni mpakani. Magari yaliyokuwa mazima ni mawili. La mbele aliendesha Adam, mimi pembeni yake, na nyuma tulipakia wauguzi wa kituo, mkunga wetu aliyeitwa Hawa, na majirani waliokimbilia kwenye geti letu. La pili aliendesha Venance peke yake, likiwa na maji, mafuta na dawa. Tulipunguza upepo wa matairi palepale uani, kabla hata ya kutoka, kwa sababu Adam alisema huko mbele hatutapata nafasi ya kusimama. Venance alibonyeza valvu za gari lake, mimi za letu.  

Moshi ulikuwa umeanza kupanda upande wa soko. Tulitoka kwa njia ya nyuma, kila gari na mkondo wake, maana kwenye mchanga ukifuata alama za mwenzako unakuta tayari ameuvuruga, unazama.

Tulipoiona wadi, Adam alitoa mkono dirishani akaupunga kwa nguvu. Maana yake ilikuwa ongeza mwendo.

Tukaingia. Injini ilinguruma, usukani ukacheza mikononi mwake, wanawake nyuma wakapiga kelele. Tukapanda ukingo wa pili.

Niligeuka.

Venance alikuwa ameingia vizuri, na mwendo wake ulikuwa mzuri. Kisha vichaka vya ukingoni vikafunguka, akatokea mwanamke. Mtoto mgongoni, wawili wameshika nguo yake, mzigo kichwani. Alinyoosha mkono.

"Usisimame," nilisema. Nilikuwa kwenye gari jingine, ng'ambo ya mto. Nilisema hivyo hivyo.

Alisimama.

Aliteremka, akamtua mzigo, akaufunga nyuma. Aliwapandisha watoto mmoja mmoja. Akamshika mama mkono, akampandisha. Kisha akarudi kwenye usukani, matairi yakazunguka, na gari likashuka badala ya kwenda.

Pikapu yenye bunduki ilitokea upande wa mji.

Venance alishuka tena. Alichomoa bati la kutolea gari, akapiga magoti, akaanza kulisukuma chini ya tairi.

Wakapiga.

Hawakuingia wadi. Walipiga kutoka ukingoni, kama watu wanaomaliza risasi zilizobaki, kisha kishindo kikubwa kikatoka mjini nao wakageuza gari wakarudi huko. Mpaka leo sijui walikuwa wa upande gani. Niliwahi kutamani sana kujua, sasa sitamani tena.

Mimi na Adam tulikimbia chini. Mwanamke alikuwa amelala juu ya watoto wake sakafuni mwa gari, wote wazima. Venance alikuwa ameketi mchangani, mgongo kwenye tairi, mkono chini ya mbavu. Alionekana kama mtu aliyekaa kupumzika.

Gari lake lilikuwa limekufa. Rejeta ilivuja, tangi la mafuta lilitobolewa, na madumu mengi ya maji yalikuwa yakimwagika mchangani mbele ya macho yetu. Tuliokoa dumu moja zima na jingine lililobaki robo. Watu wote tukawaingiza kwenye gari letu. Adam alipunguza upepo tena, mpaka nikaogopa tairi litachomoka kwenye rimu, tukaondoka.

Hawa alimfunga Venance tumbo kwa vitambaa, akavikaza, akabadilisha, akakaza tena. Kichwa cha Venance kilikuwa kwenye mapaja yangu, nyuma kule kwenye bodi, watu wakiwa wamejikunja ili apate kunyoosha miguu.

"Fundi, watoto wamepanda?"

"Wamepanda."

"Na mama yao?"

"Yupo hapa. Anakuangalia."

 Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeomba asisumbue, "Usinizike huku. Nirudishe nyumbani kwa mama."

Nikamwambia nitakurudisha, hata kwa mgongo. Sikuwa namfariji. Nilikuwa namaanisha, na alijua kwamba namaanisha, kwa hiyo akafumba macho. Alifariki kabla ya adhuhuri. Nililia kwa sauti na sikuona haya.

Kwa asiyewajua watu wa mlimani lazima nieleze hapa. Kwao, mtu huzikwa kwenye kihamba, pale alipozaliwa, karibu na baba na babu. Akifia Dar, akifia Mwanza, akifia Ulaya, ndugu watachangishana na mwili utarudi, kisha utashushwa ardhini kati ya migomba watu wote wakiona. Kumwacha mtu wao ugenini wanaita kumtupa. Kwetu sisi Waislamu ni tofauti. Maiti anaheshimiwa kwa kuharakishwa, na popote mauti yalipomkuta panatosha kuwa kaburi lake. Adam alikuwa hivyo pia. Alisimamisha gari kwenye mteremko, akashuka, akachukua koleo.

Nikamwambia hapana.

Ni jambo la kuchekesha ukilifikiria. Waislamu wawili katikati ya jangwa, wakigombana kuhusu maiti ya Mkatoliki, na aliyekataa asizikwe ni mimi niliyekulia jirani na msikiti. Adam hakuelewa. Nilimwambia kwa kile Kiarabu changu cha mimbari kwamba nimetoa ahadi. Neno ahadi alilielewa. Alirudisha koleo.

Tukaenda naye. Kuanzia pale ardhi ilikuwa ya vilima vya mchanga, kimoja baada ya kingine, na gari lilikuwa limebeba kupita nguvu zake. Tulinasa. Watu wazima wakashuka, wakasukuma, wakatembea kando mpaka tukapata pagumu. Tulinasa tena. Nilianza kutupa vitu. Nilitupa tairi la akiba. Nilitupa jeki kubwa. Nilitupa sanduku langu la spana, spana nilizokusanya moja moja tangu nikiwa mwanafunzi wa gereji, na sikugeuka kuziangalia.

Tulinasa tena, na safari hii rejeta ikachemka.

Ikataka maji.

Nilishika lile dumu, nikaangalia rejeta, nikaangalia watu. Hawa alikuwa amempakata mtoto mdogo wa yule mama wa kwenye wadi. Alimfungua mdomo kwa kidole akanionyesha. Ulimi ulikuwa mkavu kama kitambaa. Mtoto alikuwa ameacha kulia tangu muda mrefu, na mimi mjinga nilikuwa nimeshukuru kwamba amenyamaza.

Adam hakunipigia kelele. Aliketi mchangani, akafuta uso, akasema jambo ambalo nililijua tangu tuliponasa mara ya kwanza. Kila tunaponasa, alisema, wote tunashuka na gari linakuwa jepesi. Ni mmoja tu asiyeweza kushuka. Na jua hili, mpaka tufike, halitamwacha alivyo. Kisha akasema, "Ni ndugu yako. Sema wewe."

Nilikaa na Venance kidogo. Watu walinisubiri, na hakuna aliyeniharakisha, hata yule mama aliyekuwa na mtoto mwenye kiu.

Halafu nikasema, "Chimba."

Tulichimba kwa koleo lilelile la kutolea gari, chini ya mgunga uliokuwa peke yake. Mchanga ulikuwa ukirudi, ikabidi tuchimbe pana sana ndipo tupate kina. Adam alikuwa amepiga mstari wa kaburi kuelekea kibla, bila kufikiri, kwa mazoea. Nikamshika mkono. Nilikuwa nimehudhuria mazishi ya baba yake Venance, na siku hiyo Venance mwenyewe ndiye aliyeninong'oneza kwamba ukoo wao humlaza marehemu akielekea Kibo, kilele cha mlima wao. Wazee wa zamani walifanya hivyo, padri wao hakuwakataza, wakaendelea.

"Mlima wenu uko wapi?" Adam akauliza.

Nilikwenda kwenye dashibodi, ambapo Adam alikuwa amegandisha dira ndogo. Nikajaribu kuikumbuka ramani ya Afrika iliyokuwa ukutani ofisini. Sisi tulikuwa kule juu, katikati. Kwetu ni chini, upande wa kulia, kabla ya bahari. Nikanyoosha mkono kati ya mawio na kusini. Adam aliangalia mkono wangu, akaangalia watu waliokuwa wakikauka kwa kiu, kisha akaanza kuligeuza kaburi.

Yule mama alivua vazi lake la juu, lile refu wanalojizungushia, akamfunika nalo. Mimi nikasali. Sala ya Baba Yetu naijua tangu shule ya msingi, kwa sababu nusu ya darasa letu walikuwa Wakatoliki na walikuwa wakiisali kila asubuhi kwa sauti ya kutufanya viziwi. Nilikwama katikati, nikarudia mwanzo. Adam na wenzake waliinua mikono, wakasema ya kwao. Kisha tulimwaga maji kwenye rejeta, tukawapa watoto yaliyobaki, tukaondoka. Sikuweka alama yoyote, maana hakukuwa na jiwe, na mchanga wa kule hauheshimu alama.

Tulivuka mpaka wa Chad jioni, tukiwa na tairi moja lililochanika kabisa tukiendeshea rimu. Watoto wote watatu waliishi. Yule mdogo alianza kulia tena kwenye hema la hospitali, na wote tukacheka kama wendawazimu.

Nikiwa Rau siku hizi, nikiwa chini ya gari la mtu, huwa naliwaza jambo hili. Naweka watoto watatu na mama yao upande mmoja, namweka Venance upande wa pili. Kama angefuata sheria ya mchanga angekuwa hai, na wao wangebaki vichakani. Kila nikipima naona alifanya sawa, na kila nikipima naumia vilevile. Nilikuwa nadhani kupima kutaniponya. Hakuponyi, ila naendelea.

Niliporudi Tanzania sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Masama. Mvua ilikuwa ikinyesha, na sebule ya mama yake Venance ilikuwa imejaa ukoo. Waliniambia nje, kabla sijaingia, kwamba tangu simu ya msiba ilipofika mama hajatoa chozi. Anakata majani ya ng'ombe, anapika mtori, anakaribisha wageni. Walikuwa wanamwogopa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Rajabu mwanangu. Karibu ukae."

Nilisimulia yote, kama nilivyoandika hapa. Nilipofika kwenye kaburi, Mzee Aloyce, baba mdogo wa Venance, alipiga fimbo yake chini.

"Ninyi mna haraka na maiti," alisema. "Huyu alikuwa mtu wa ukoo. Hakuwa wa kufukiwa njiani. Sasa tutazika nini hapa? Tuite watu waje kutazama shimo tupu?"

Niliumia, na ulimi wangu ulikuwa tayari na jibu baya. Kuna haraka gani aliyonayo mtu aliyetupa spana zake zote? Lakini mama Venance aliinua kiganja kidogo tu, na shemeji yake akanyamaza.

"Aloyce, mimi sijakataa kumlilia," alisema. "Nimeshindwa. Mtu ambaye sijui amelala wapi, nimlilie nikigeukia wapi?" Kisha akanigeukia. "Huyo mama alikuwa na mzigo kichwani?"

"Ndiyo, mama."

"Asingeweza kumpita," alisema, na haikuwa sifa wala lawama. "Na mlimlaza akiangalia upande gani?"

"Kibo, mama."

 Mzee Aloyce aliacha fimbo.

"Nani aliwaambia?" mama akauliza.

"Mwenyewe aliniambia, tulipomzika baba yake. Tulitumia dira ya gari. Siwezi kukudanganya, mama, nilikisia. Kama nilikosea, nilikosea kidogo."

Aliinuka. Alijitupia khanga mabegani akatoka nje, nami nikamfuata, na wengine wakasimama mlangoni. Mvua ilikuwa imepungua, na mawingu upande wa mlima yalikuwa yamepasuka kidogo, theluji ikionekana kipande. Aliuangalia.

"Nionyeshe aliko."

Nikanyoosha mkono kushoto, kupita kilele cha Shira, kupita mabonde yote ya huko, mbali.

"Kwa hiyo yeye anautazama kwa upande wa kule, sisi kwa huku."

"Ndiyo, mama."

Aliendelea kuangalia mpaka mawingu yakafunga tena. Kisha akaketi palepale kwenye nyasi zilizolowa, akamwita mwanawe kwa jina lake la nyumbani, la Kichaga, ambalo sikuwahi kulisikia, akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua mwanamke mwenye umbo dogo vile anayo. Wanawake walitoka ndani wakaketi kumzunguka. Mzee Aloyce alivua kofia, akasimama kando yangu, na baada ya muda nikahisi amenishika mkono. Mvua ikarudi, na hakuna aliyeondoka. Venance hakupata mazishi mengine zaidi ya hayo.